Kadi za mtumba zinazoendesha viwanda

Fungua kabati la umeme la mtambo wa kujaza chupa uliosimikwa miaka 25 iliyopita, na mara nyingi utakuta S7-300 ya Siemens, PLC, yaani kompyuta inayoendesha mashine: maboksi ya plastiki yamebanana kama vitabu rafuni, kila moja na safu yake ya vitaa vya kijani. Mojawapo ni kadi ya kutolea amri. PLC ikishaamua kwamba valvu ifunguke, kadi hii ndiyo inayosukuma volti 24 kwenye waya. Ikifa, programu inaendelea kuamua na chupa hazijai.

Kadi ya kutolea amri iliyozoeleka, SM 322 ya volti 24, ina njia 16, na kila njia hubeba nusu ampea. Mafundi hulisahau hilo. Koili ya valvu ya wati 5 hunyonya takriban ampea 0.2, haina shida. Lakini stoo ikibaki na koili ya wati 12, ikafungwa hiyo kwa sababu mashine imesimama na bosi anapiga simu, njia hiyo imefika mwisho wa uwezo wake. Rilei ndogo ya kati, ya bei ya kawaida kabisa, ingeiokoa.

Usiku mmoja wa zamu nilisimama nyuma ya fundi aliyekuwa akitafuta hitilafu ya namna hiyo. Kitaa cha njia ya sita kinawaka. Akachomoa waya, akapima: volti 24. Akaurudisha: volti zikaporomoka hadi 3. Transista ilikuwa imekwisha, ila mita isiyo na mzigo haikuweza kusema hivyo. Akahamishia waya kwenye njia ya akiba, akabadilisha anwani kwenye programu, mtambo ukaanza kufanya kazi. Aliweza kwa sababu kiwanda kile kilikuwa na nakala ya programu yake. Viwanda vingi havina, na hilo linanisikitisha kuliko kadi iliyoungua.

Sasa soko. Oktoba 2023 Siemens ilianza kuiondoa S7-300 sokoni. Ahadi yake ya kuuza spea inaishia 2033. Huko Marekani, Rockwell Automation iliachana na PLC yake ya zamani, PLC-5, mwaka 2017. Pengo hilo limewapa kazi wafanyabiashara kama Radwell wa Marekani na EU Automation wa Uingereza, wanaohangaika na vipuri ambavyo watengenezaji wamekwisha kuvipa kisogo.

Mzigo wa mtumba unatoka kwenye viwanda vinavyofungwa na vile vinavyohamia mifumo mipya. Kila kiwanda kinachoingia S7-1500, mrithi wa S7-300, kinaacha nyuma kadi zinazoweza kumlisha asiyehama. Ndiyo maana naona miaka hii ni ya kununua. Chemchemi hiyo itakauka: wa kuhama watakuwa wamehama, na aliyebaki atagombea kadi chache na wenzake wa dunia nzima.

Kuhama kwenyewe kunaogopesha kwa sababu ya waya, wala si bei ya kadi. Njia 200 za amri ni waya 200 za kuhamisha na valvu, taa na kontakta 200 za kujaribu moja moja, kiwanda kikiwa kimesimama. Rockwell ililiona hilo, ikatengeneza viunzi vinavyopokea viunganishi vya zamani vya PLC-5 bila kugusa waya zinazokwenda kwenye mashine.

Kwa meneja wa kiwanda cha Dar es Salaam au Thika, spea ikiwa ng'ambo, siku za ndege na forodha zinaingia kwenye hesabu. Ningemshauri aanze kwa kununua kadi za amri zinazotumia rilei badala ya transista, maana pleti za rilei huchakaa kila zinapogusana, na njia inayofungua na kufunga kila sekunde chache huisha mapema. Kisha atoe nakala ya programu wiki hii, sio mwakani.

Na kadi ikifika, asiridhike na boksi lililofungwa vizuri. Fundi yule ana balbu ya lori ya volti 24, wati 5, ambao ndio mzigo wa taa unaoruhusiwa kwenye njia moja ya kadi ile. Huipitisha kwenye njia zote 16, moja baada ya nyingine, kabla risiti haijasainiwa.