Mti wa Majani Mekundu Uani: Pima Kwanza, Kisha Panda

Kiangazi kinapopamba moto na vumbi kutanda njiani, mkungu hubadili sura. Majani yake mapana huacha ukijani, yakawa ya manjano, kisha ya rangi ya machungwa, na mwishowe mekundu kama damu ya mzee, kabla ya kudondoka. Si ajabu basi kwamba askari mmoja alirudi kutoka likizo na mche wa mkungu ndani ya kopo, akachimba shimo hatua mbili kutoka mlango wa nyumba yake ya kambini. Mkewe alimwuliza swali moja tu: "Baba watoto, mti huu ukikua utafika wapi?"

Swali hilo lastahili kuulizwa na kila mwenye nyumba kabla ya kushika jembe.

Katika nchi za baridi, kama vile Japani, Kanada na Uingereza, miti mingi hugeuka rangi kuanzia mwezi wa Septemba hadi Novemba, mchana unapopungua na baridi kuingia. Rangi ya kijani huvunjika ndani ya jani, na umanjano uliokuwa umefichika ukaonekana. Wekundu, kwa kawaida, ni rangi mpya ambayo jani huitengeneza wakati huo huo. Nchini Uganda, ambako mstari wa Ikweta unapita, urefu wa mchana haubadiliki sana mwaka mzima. Hapa ukame ndio unaoupa mkungu amri ya kuvua majani.

Lakini mkungu si mti wa ua mdogo. Ukistawi huweza kufikia urefu wa mita 25, na matawi yake hutanda ubavuni, tabaka juu ya tabaka, kama miavuli iliyopandana. Katika ua wenye upana wa hatua nane, mti huo utalala juu ya mabati, utajaza majani katika mifereji ya maji ya mvua, na utaifunika kivuli kamba ya kuanikia nguo. Mahali pake ni kando ya uwanja wa michezo au penye shule, ambako watoto watapumzika kivulini na kuvunja kungu ili wale kiini chake.

Kwa ua wa kambini, uko mmea unaofaa zaidi, nao ni poinsetia. Asili yake ni Meksiko. Jina lake latokana na Joel Poinsett, mjumbe wa Marekani nchini humo, aliyeupeleka kwao katika miaka ya 1820. Kwa kawaida hauzidi mita 4, na waweza kukatwa ukabaki mfupi zaidi. Yale mekundu ambayo watu huyaita maua ni majani hasa. Maua yenyewe ni yale madogo ya manjano yaliyo katikati.

Poinsetia hupandwa kwa kipande cha tawi chenye urefu wa kiasi cha sentimita 20. Kipande huachwa kwanza mpaka utomvu wake ukauke, kisha huchomekwa ardhini mvua zinapoanza. Kiwe mbali na ukuta kwa mita 2 au zaidi. Wekundu ukiisha, matawi yapunguzwe, kwa maana rangi hutokea kwenye ncha za matawi machipukizi.

Jambo moja huwashangaza wengi. Poinsetia huhitaji giza refu la usiku lisilokatizwa ili majani yawe mekundu. Mmea uliopandwa chini ya taa kali ya ulinzi, inayowaka usiku kucha, huweza kukaa na ukijani wake huku ule wa nyuma ya nyumba ukimeremeta. Mwenye nyumba asiulaumu udongo. Auhamishe mmea gizani.

Tahadhari nayo ni ya lazima. Utomvu mweupe wa poinsetia huwasha ngozi na huumiza macho, na majani yake yakiliwa huweza kuchafua tumbo. Wazazi wawakataze watoto kuyachezea, na anayekata matawi anawe mikono kwa sabuni.

Yule askari alikubali neno la mkewe. Jioni ile walifukia shimo la mlangoni, wakaupeleka mkungu kando ya uwanja, wakauzungushia miiba mbuzi wasiufikie. Uani wakachomeka kipande cha poinsetia walichopewa na jirani.

Askari na polisi hawakai mahali pamoja. Amri ya uhamisho ikija, vyombo hupakiwa katika lori, lakini mti hubaki. Familia itakayoingia katika nyumba hiyo ama itakuta kivuli na rangi ya kufurahisha macho, ama itakuta mzigo wa kukata kwa shoka. Apandaye na apime kwanza, kwa ajili yake na kwa ajili ya mwenzake ajaye.