Umetoka hospitalini baada ya upasuaji wa nyonga: jinsi ya kuishi nyumbani wiki sita za kwanza

Watu wengi hufikiri kwamba upasuaji ukishafanyika, kazi kubwa imekwisha. Kwa upasuaji wa nyonga sivyo. Daktari hufanya sehemu yake kwa saa chache, halafu mgonjwa na familia yake hufanya sehemu iliyobaki kwa wiki nyingi, nyumbani. Katika wiki sita za kwanza, nyonga inaweza kupona vizuri au inaweza kuharibika tena kwa sababu ya kigoda kifupi, choo cha kuchuchumaa au safari moja ya boda boda.

Makala haya ni kwa ajili ya wagonjwa na familia zao wanaoishi Ediofe na sehemu nyingine za Arua, Koboko, na katika makazi ya wakimbizi ya Lobule, Rhino Camp na Imvepi. Hayachukui nafasi ya maelekezo ya daktari wako. Kama daktari amekuambia jambo tofauti na lililoandikwa hapa, fuata la daktari.

Nani hufanyiwa upasuaji wa nyonga?

Si wazee peke yao. Mzee anaweza kuvunjika nyonga kwa kuteleza uani au gizani akienda chooni. Kijana anaweza kuvunjika kwa ajali ya boda boda au kwa kuanguka kutoka kwenye mwembe. Watu wenye ugonjwa wa selimundu wanaweza kuharibikiwa na nyonga wakiwa bado vijana, kwa sababu damu haifiki vizuri kwenye kichwa cha mfupa wa paja.

Kabla ya kuondoka hospitalini, uliza maswali haya manne

1. Nimefanyiwa upasuaji wa aina gani? Kuna watu ambao nyonga yao imebadilishwa, wakawekewa kiungo bandia. Wengine mfupa wao umeungwa kwa chuma na skrubu. Sheria zao si sawa. Aliyewekewa kiungo bandia lazima ajihadhari sana kisitoke mahali pake. Aliyeungwa mfupa lazima ajue zaidi ni uzito gani mguu unaweza kubeba.
2. Naweza kuukanyagia mguu huu kwa kiasi gani? Jibu linaweza kuwa uzito wote, sehemu ya uzito, au kugusa chini tu bila kuuegemea. Usikisie.
3. Ni mikao gani nimekatazwa, na kwa muda gani?
4. Nirudi lini, na nani atanitoa nyuzi? Mara nyingi nyuzi hutolewa baada ya siku 10 hadi 14, na daktari humwona mgonjwa tena karibu na wiki ya sita.

Omba majibu yaandikwe kwenye karatasi yako ya kutoka hospitalini, na uitunze karatasi hiyo pamoja na picha za eksirei. Nesi wa kituo cha afya kilicho karibu nawe hawezi kukusaidia vizuri kama hajui ulifanyiwa nini.

Safari ya kurudi nyumbani

Usipande boda boda. Kupanda kwenyewe kunalazimisha paja kupanuka na kujipinda, na shimo moja barabarani linatosha kukuumiza. Tafuta gari. Kaa kiti cha mbele, kisukumwe nyuma, na uweke blanketi lililokunjwa chini yako ili ukae juu. Ingiza makalio kwanza, kisha miguu yote miwili pamoja. Kama safari ni ndefu, kwa mfano kutoka Arua hadi Koboko au hadi makazini, mwombe dereva asimame ili unyooke na utembee hatua chache.

Kama una ndugu anayekaa Ediofe au mahali pengine mjini, kukaa kwake mpaka nyuzi zitolewe kunaweza kuwa uamuzi mzuri. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Arua iko karibu ikiwa kuna tatizo.

Tengeneza nyumba kabla mgonjwa hajafika

Sheria moja ni rahisi kukumbuka: unapoketi, magoti yako yawe chini kuliko nyonga. Ukikaa chini sana, paja hupanda, na kiungo bandia kinaweza kuchomoka. Kwa hiyo ondoa vitu vifupi na uinue vingine.

- Kitanda. Usilale kwenye mkeka au godoro lililo chini. Kuinuka kutoka chini ni hatari kuliko kulala kwenyewe. Weka matofali imara chini ya miguu yote minne ya kitanda. Jaribu kwanza mtu mzima mwenye afya akikalie na uone kama kinatikisika.
- Kiti. Tafuta kiti kirefu chenye mikono, ambacho hakizami. Kigoda cha jikoni hakifai. Kiti cha plastiki kinafaa kama ni kizima na kimesimama mahali pakavu pasipoteleza. Kama ni kifupi, kalia blanketi lililokunjwa na kukazwa.
- Choo. Hili ndilo tatizo kubwa katika nyumba nyingi, kwa sababu choo cha shimo humtaka mtu achuchumae, na kuchuchumaa ni mkao uliokatazwa kabisa kwa aliyebadilishiwa nyonga. Fundi seremala anaweza kutengeneza kiti cha mbao chenye tundu katikati, kinachowekwa juu ya shimo la choo. Njia nyingine ni kuweka ndoo chini ya kiti hicho chumbani, kisha mtu wa nyumbani aimwage chooni na kuiosha kwa sabuni. Funga pia mti imara ukutani wa kushikilia.
- Njia. Ondoa mikeka, nyaya, jerikeni na kuku njiani. Weka tochi karibu na kitanda, kwa sababu maanguko mengi hutokea usiku mtu akienda chooni. Mvua ikinyesha, mwaga mchanga au changarawe mahali panapoteleza.

Mikao ya kuepuka

Kwa aliyebadilishiwa nyonga, madaktari wengi hukataza mambo haya kwa wiki 6 hadi 12:

- kuinama kuokota kitu, kufagia kwa ufagio mfupi, kupalilia au kufua kwenye beseni lililo chini;
- kupika kwenye mafiga ukiwa umechuchumaa;
- kukunja mguu mmoja juu ya mwingine;
- kugeuza kidole cha mguu kielekee ndani, au kugeuka ghafla ukiwa umekanyagia mguu wa upasuaji;
- kulalia upande wa upasuaji kabla hujaruhusiwa.

Unapolala, weka mto au blanketi lililokunjwa kati ya mapaja. Viatu avishwe na mtu mwingine, na viwe vinavyoshika mguu. Ndala huteleza.

Ibada haikatazwi, ila ibadilishwe. Muislamu anaweza kuswali akiwa kwenye kiti badala ya kusujudu chini. Mkristo anayehudhuria misa, kwa mfano kwenye kanisa kuu la Ediofe, aketi wakati wengine wanapopiga magoti. Viongozi wa dini wanaelewa jambo hili. Waulize bila aibu. Kuhusu tendo la ndoa pia, muulize daktari au nesi. Wagonjwa wengi huambiwa wasubiri kama wiki sita, na baadaye wachague mkao usiokunja nyonga.

Usilale kutwa

Hapa ndipo familia nyingi zenye upendo hukosea. Bibi ametoka hospitalini, kila mtu anamwonea huruma, analetewa chakula kitandani, na hakuna anayemruhusu asimame. Baada ya wiki mbili misuli imelegea, kifua kimejaa, kisigino na makalio vina vidonda vya kulalia. Hatari kubwa zaidi ni donge la damu, ambalo huweza kuanzia mguuni na kupanda hadi kwenye mapafu. Donge hilo linaweza kuua.

Mfanye mgonjwa atembee kila siku, kwa kiasi alichoruhusiwa:

- Kila saa akiwa macho, apandishe na kushusha nyayo zote mbili mara 10.
- Mara tatu kwa siku, akaze misuli ya paja, ahesabu hadi tano, kisha alegeze. Arudie mara 10. Afanye hivyo pia kwa misuli ya makalio.
- Atembee safari fupi nyingi badala ya moja ndefu. Siku za kwanza kutoka kitandani hadi mlangoni kunatosha. Kisha hadi chini ya mti wa uani, kisha hadi kwa jirani.

Kutembea kwa magongo au fremu kuna utaratibu: magongo yatangulie, ufuate mguu wa upasuaji, mwisho mguu mzima. Kwenye ngazi, mguu mzima hutangulia kupanda, na mguu wa upasuaji hutangulia kushuka. Kagua mpira ulio chini ya gongo. Ukiisha, gongo huteleza kwenye sakafu iliyolowa.

Kuketi pia kuna utaratibu, na hata mtoto wa nyumbani anaweza kukumbusha: "Bibi, rudi nyuma mpaka kiti kikuguse. Mguu mbele. Shika kiti. Sasa kaa."

Mshono, dawa na chakula

Mshono ubaki mkavu na safi. Oga ukiwa umeketi, kwa kitambaa, bila kulowesha bandeji. Usiweke majani, majivu, mafuta wala unga wa kidonge kwenye mshono.

Usikandwe nyonga wala mguu. Tunajua kwamba familia nyingi huwaamini waunga mifupa wa kienyeji, na wengine wana uzoefu wa miaka mingi. Lakini nyonga yenye chuma au kiungo bandia ikivutwa inaweza kuchomoka, na mguu wenye donge la damu ukikandwa, donge linaweza kusafiri.

Kama umepewa dawa ya kuzuia damu kuganda, imalize kwa siku zilizoandikwa hata kama unajisikia vizuri. Mara nyingi ni kama wiki nne hadi tano. Usiongeze diklofenaki au ibuprofeni kutoka duka la dawa bila kuuliza, kwa sababu zikichanganyika na dawa hiyo zinaweza kusababisha kutokwa na damu tumboni. Usinywe pombe.

Mwili unahitaji chakula cha kujenga. Maharagwe, karanga, mayai, mukene na mboga za majani kama dodo vinasaidia. Dawa za maumivu hufunga choo, kwa hiyo kunywa maji ya kutosha na kula papai.

Nani atafanya kazi za nyumbani?

Kama mgonjwa ndiye anayeteka maji, kupika na kulima, familia ikae chini na kugawana kazi hizo kabla hajarudi. La sivyo, siku ya tano utamkuta ameinama kisimani. Mgonjwa anayeishi peke yake amwambie mwenyekiti wa kijiji na mhudumu wa afya wa kijiji, yaani VHT.

Kama unaishi makazini, uliza mapema jinsi ya kuandikisha mtu wa kukupokelea mgao wa chakula au pesa. Uliza pia kama unaweza kuhesabiwa kati ya watu wenye mahitaji maalum, hasa kwa msaada wa choo. Kwa maswali haya unaweza kupiga simu ya bure ya UNHCR na washirika wake nchini Uganda: 0800 323 232.

Rudi kituo cha afya siku hiyo hiyo ukiona dalili hizi

- Mshono unatoa usaha, unanuka, umekuwa mwekundu na wa moto, au una homa.
- Shavu la mguu limevimba, linauma na ni la moto, hasa kwa mguu mmoja.
- Kidonda kinaanza kwenye kisigino au makalio.
- Kinyesi ni cheusi kama lami, au kina damu.

Nenda hospitalini mara moja, usiku au mchana, kama:

- Unashindwa kupumua, kifua kinauma ghafla au unakohoa damu.
- Nyonga imeuma ghafla, mguu umekuwa mfupi au umegeuka, na huwezi kusimama. Usijaribu kuurudisha. Lala, usile, na utafute gari.
- Umeanguka na maumivu hayapungui.

Je, nitalipa?

Wakimbizi na wenyeji hutumia vituo vya afya vya serikali pamoja. Mwaka 2001 Uganda iliondoa ada kwenye vituo hivyo, isipokuwa wodi za kulipia hospitalini. Hata hivyo dawa au bandeji zinaweza kuisha, na familia ikalazimika kununua. Vituo vya dini na vya watu binafsi huweza kutoza ada, kwa hiyo uliza bei kabla ya huduma. Kutoa nyuzi na kubadilisha bandeji kunaweza kufanyika kwenye kituo cha afya kilicho karibu nawe, ukienda na karatasi yako, bila kulipa nauli ya kurudi hospitali kubwa.

Lakini miadi ya wiki ya sita na daktari wa mifupa usiikose, hata kama unatembea vizuri. Yeye ndiye atakayeangalia kama mfupa umeunga, na ndiye atakayekuambia lini unaweza kuacha magongo, kupanda boda boda na kurudi shambani. Anza kuweka akiba ya nauli ya siku hiyo tangu wiki ya kwanza.