Je, Wajua? Kazi ya Mama, Kipato na Unene

Je, wajua unene haupimwi kwa macho? Gawa kilo zako kwa kimo chako cha mita, kisha gawa tena kwa kimo hichohicho. Ukipata 25 au zaidi, uzito umezidi. 30 au zaidi ni unene uliokithiri.

Je, wajua mwaka 2004/05, kati ya kila wanawake 100 wa Tanzania wenye miaka 15 hadi 49, 18 walikuwa wamezidi uzito? Mwaka 2010 walifika 22, na mwaka 2015/16 wakawa 28. Mjini walikuwa 42, vijijini 21.

Je, wajua Azimio la Arusha la mwaka 1967, chini ya Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, lilitambua kuwa wanawake wa vijijini wakati mwingine hufanya kazi saa 12 hadi 14 kwa siku? Jembe hutumia nguvu ya mwili mara tatu au zaidi kuliko kukaa. Mama akihama shamba la Butiama na kuketi dukani Bunda mjini, kipato hupanda, jasho hupungua.

Je, wajua kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina kalori 120 hivi? Soda ya mililita 350 hubeba sukari ya vijiko vinane vya chai au zaidi.

Je, wajua mwaka 2004 mtafiti Carlos Monteiro wa Brazil na wenzake walionyesha kuwa katika nchi maskini unene huwaandama zaidi wanawake wenye nacho, lakini pato la nchi likikaribia dola 2,500 kwa mtu kwa mwaka, mzigo huhamia kwa wanawake maskini? Tanzania iliingia uchumi wa kati wa chini mwaka 2020, ikiwa na dola 1,080 kwa mtu kwa mwaka, bado chini ya kiwango hicho.

Je, wajua dagaa wanaoanikwa na akina mama wa Musoma huliwa wazima, na mifupa yao hutupa madini ya chokaa?

Mama, kipato chako si adui. Ni ngao ya nyumba nzima. Kinunue dagaa, maharage na mboga kabla ya soda. Ukifanya kazi ya kukaa, tembea kwa haraka nusu saa, siku tano kwa wiki. Kunawiri ni afya, si kilo.