Mita Ikifa, Kamera Inabaki na Nini?

Februari 20, 1962, chombo cha Friendship 7 kilikatiza anga la Afrika kikiwa na Mmarekani mmoja ndani, John Glenn. Wakati huo Marekani ilikuwa na kituo cha kufuatilia vyombo vya angani kisiwani Unguja, na Glenn alizungumza nacho kwa redio akielekea juu ya Bahari ya Hindi. Kamera aliyokuwa nayo haikutoka kwenye maabara ya siri. Ilinunuliwa katika duka la dawa huko Cocoa Beach, Florida, kwa takriban dola 40. Iliitwa Ansco Autoset, lakini kwa asili yake ilikuwa Minolta Hi-Matic ya Japani iliyobandikwa jina jingine. Mafundi wa NASA waliigeuza juu chini na kuifunga mpini ili aweze kuishika akiwa na glavu na kofia ya usafiri wa angani, na kwa kamera hiyo akapiga picha za jua likizama.

Kilichoifanya ifae kwa safari ile ni mita ya mwanga iliyojengwa ndani yake. Glenn hakuwa na haja ya kukisia mwanga wala kuhangaika na pete ndogondogo kwa vidole vilivyovimba kwa glavu. Alilenga, akabonyeza.

Kamera za ukoo huo bado zinauzwa leo, kwenye minada ya mtandaoni, kwa mafundi, na katika maduka ya vitu vilivyokwisha kutumika huko Ulaya, Japani na Marekani. Vijana waliokua na simu mkononi wanazitafuta kwa hamu. Wengi wao huuziwa mbuzi kwenye gunia, kwa sababu sehemu iliyofanya kamera hizi ziwe rahisi kutumia ndiyo inayotangulia kufa.

Huitwa renjifainda kwa namna zinavyopima masafa. Mpigapicha hachungulii kupitia lenzi, bali kupitia kidirisha kilicho juu yake. Kando ya kidirisha hicho kuna kitundu kingine, na vioo vilivyomo ndani huichukua taswira ya kitundu hicho na kuilaza juu ya ile ya kwanza. Ukitazama katikati unaona kiraka chenye rangi ya manjano, na ndani yake mtu mmoja amekuwa wawili. Unazungusha pete ya lenzi, kivuli kinasogea, nyuso mbili zinakuwa uso mmoja, na hapo umelenga sawasawa. Kasoro yake ni kwamba mtu anaweza kupiga picha huku kifuniko cha lenzi hakijaondolewa, na kidirisha kisimwonye.

Mita ziliingia katika kamera hizi mapema. Contax III ya Ujerumani, ya mwaka 1936, ilibeba mita ya seleniamu juu ya paji lake. Seleniamu huzalisha umeme kidogo inapopigwa na mwanga, kwa hiyo haihitaji betri. Canonet ya kwanza, ya mwaka 1961, iliizungushia lenzi yake pete nzima ya seleniamu. Lakini madini hayo huchoka, hasa yakiingiwa na unyevu. Sindano hulala, na hakuna betri ya kubadilisha ili iamke. Miaka ya 1960 ikaleta mita za kadimiamu salfaidi, ndogo kama punje na zenye kuona vizuri zaidi penye mwanga hafifu. Hizo zikaja na deni la betri.

Kwa hiyo swali la kwanza la mnunuzi lisiwe juu ya ukali wa lenzi. Lenzi nyingi za wakati ule ni nzuri mno. Aulize: mita ikifa, kamera hii inabaki na nini?

Yashica Electro 35, iliyotoka mwaka 1966, inajibu vibaya. Ni kamera ya kupendeza, yenye lenzi ya milimita 45 inayofunguka hadi f/1.7. Mpigapicha huchagua uwazi wa lenzi, na saketi ya umeme huchagua muda, kuanzia 1/500 ya sekunde hadi sekunde 30. Ikiwaka taa ya manjano, muda utakuwa mrefu, tafuta pa kuegemea. Ikiwaka nyekundu, mwanga umezidi. Ndiyo aliyoibeba Peter Parker katika filamu ya The Amazing Spider-Man ya mwaka 2012, habari ambayo wauzaji hawaachi kuitaja. Wasichotaja ni kwamba bila betri kamera hiyo hubaki na kasi moja tu, 1/500. Tena ina kipedi cha raba ndani ambacho huoza na kuvuruga mfumo wa umeme. Kamera nzima hutoa mgoto mdogo unapovuta mkono wa kusogeza mkanda. Usiposikia mgoto huo, punguza bei au ondoka.

Canonet QL17 G-III ya mwaka 1972 ina jibu bora. Lenzi yake ni ya milimita 40, f/1.7, na shata yake, yaani majani membamba ya chuma yanayofunguka kuruhusu mwanga, huendeshwa na springi. Betri hulisha mita peke yake. Unachagua muda, unaweka pete ya lenzi kwenye A, na kamera inachagua uwazi. Sindano ndani ya kidirisha inakuonyesha imechagua upi. Mwanga usipotosha, kitufe hugoma kabisa. Kwa kuwa jicho la mita liko ndani ya pete ya lenzi, kifuniko kilichosahauliwa nacho hulifunika na kitufe hugoma vilevile, bahati ambayo wamiliki wa renjifainda nyingi hawana. Ukitoka kwenye A mita hulala, lakini kasi zote na nyuzi zote za uwazi zinabaki mkononi mwako.

Juu kabisa iko Leica M6 ya mwaka 1984. Hiyo hupima mwanga unaopita ndani ya lenzi yenyewe na kuakisiwa na doa jeupe kwenye pazia la shata, kisha mishale miwili myekundu humwelekeza mpigapicha. Bila betri inaendelea kupiga kama kawaida. Kampuni iliirudisha sokoni mwaka 2022 kwa zaidi ya dola 5,000, bei ya bodaboda kadhaa mpya. Kwa anayeanza, huo ni ufahari.

Sasa betri. Canonet na wenzake wengi walitengenezewa betri za zebaki za volti 1.35, zilizopendwa kwa sababu volti zake hazikushuka mpaka zilipokaribia kwisha. Hazipo tena. Marekani ilizipiga marufuku kwa sheria ya mwaka 1996, na baadaye ukaja Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017. Minamata ni mji wa Japani ambako zebaki iliyomwagwa baharini na kiwanda iliingia kwenye samaki, kisha kwenye miili ya walaji. Dunia iliujua mkasa huo kwa sehemu kubwa kupitia picha za W. Eugene Smith na mkewe Aileen, walioishi huko mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ni zebaki hiyohiyo ambayo wachimbaji wadogo wa Geita huikamatia dhahabu, kwa hiyo hakuna sababu ya kuililia betri yake.

Ukitia betri ya kawaida ya volti 1.5 mahali pake, mita hudhani mwanga ni mwingi kuliko ulivyo, na picha hutoka na giza. Wengine hudanganya kwa kupanga filamu ya 200 kana kwamba ni ya 100, lakini betri hiyo inavyozeeka hesabu nayo hubadilika. Dawa ya bei nafuu ni betri ya vifaa vya kusaidia kusikia, namba 675, yenye volti 1.4. Unaibandua karatasi yake ili ivute hewa, unaizungushia kipete ili itulie mahali pake, na inakufanyia kazi wiki kadhaa au zaidi. Electro 35 ilitumia betri ya volti 5.6, na ile ya volti 6 yenye umbo la bomba dogo huifaa bila tatizo kubwa, mradi iwe na kishikizo.

Ukaguzi dukani hauchukui muda. Fungua mgongo wa kamera, weka kasi ya chini, bonyeza huku ukitazama mwanga kupitia lenzi. Majani ya shata yaliyopakwa mafuta na uzee husitasita au hukataa kufunguka. Gusa sponji nyeusi kwenye kingo za mlango: ikinata kama lami, mwanga utapenya, ingawa kuibadilisha ni kazi ndogo. Fungua chumba cha betri, tafuta kutu ya kijani. Kisha elekeza kidirisha kwenye mnara wa mbali, pete ikiwa mwisho kabisa upande wa masafa ya mbali. Taswira mbili zisipokutana, fundi anahusika.

Mita yenyewe hupimwa na jua, bure. Kanuni ya wazee wa kazi ni kwamba kwenye jua kali lisilo na wingu, uwazi wa f/16 huenda na muda unaolingana na namba ya filamu. Weka 200, kasi 1/500, toka nje saa saba mchana, elekeza lenzi kwenye barabara iliyopigwa na jua. Sindano ikisimama jirani na 11, mita ni hai na ni mkweli. Mwenye kuikariri kanuni hiyo hata mita ikifa hapotezi kitu mchana.

Na hata mita nzima si ya kuaminiwa kipofu. Inadhani kila kilicho mbele yake kina wastani wa kijivu. Siku ya Idi, wanaume watano wenye kanzu nyeupe wakisimama mbele ya ukuta uliopakwa chokaa kule Lamu, mita huona weupe mtupu, huufunga uwazi, na matokeo yake kanzu zinakuwa za jivu na nyuso hazionekani. Kwa Canonet, elekeza kwanza lenzi kwenye ardhi iliyo kwenye mwanga uleule, bonyeza kitufe nusu na ukishikilie, rudi kwenye nyuso, kisha malizia. Mabuibui meusi yakijaza fremu, kosa hugeuka upande wa pili: mita hufungua kupita kiasi.

Adui mkubwa wa kamera hizi katika pwani yetu ni kuvu. Hujenga nyuzi kama za buibui ndani ya lenzi, na akikaa muda mrefu hula kioo chenyewe. Mulika tochi ndogo kutoka nyuma ya lenzi iliyofunguliwa yote; nyuzi zikionekana, iache kamera hapo ilipo. Iliyo safi isifungiwe ndani ya mkoba wake wa ngozi, maana ngozi hushika unyevu. Sanduku la plastiki linalofunga vizuri na vipakiti vya kunyonya unyevu vinatosha.

Filamu nayo haipendi joto. Ikae kwenye jokofu, itolewe saa chache kabla ya kutumika, na isiachwe kamwe ndani ya gari juani. Kusafisha mikanda ya rangi kama Kodak Gold kunataka dawa zikae kwenye nyuzi 38 za Selsiasi bila kuyumba, kazi ya maabara. Nyeusi na nyeupe, kwa mfano Ilford HP5 Plus, husafishika nyumbani kwa nyuzi 20, na kwa maji ya bomba ya Dar es Salaam au Mombasa hiyo ina maana ya beseni na mabonge ya barafu.

Kwa anayenunua kwa mara ya kwanza, Canonet iliyokaguliwa ni chaguo la busara kuliko Electro yenye kung'aa. Mkanda wa kwanza upige mtaani kwako, kwenye jua na kivulini, ukiandika uwazi na muda wa kila picha. Usafishe, ukague, ndipo uipeleke kamera hiyo harusini.