Maji ya Machungwa: Pua Peke Yake Haitoshi

Msimu wa machungwa ya Muheza unapowadia, jamaa nyingi za mijini hununua gunia zima kwa bei nafuu na kukamua jioni moja maji ya kutosha siku kadhaa. Ni jambo jema kwa afya na kwa mfuko. Lakini siku ya tatu, chupa inapofunguliwa mbele ya watoto, huzuka swali: je, maji haya bado yanafaa kunywewa?

Msomaji, jibu huanzia kwenye chungwa lenyewe. Usidanganywe na rangi, kwani machungwa ya pwani huiva yakiwa bado kijani. Usiku wetu hauna baridi ya kuligeuza ganda. Chagua lililo zito mkononi, lisilo na ufa wala ukungu. Lioshe kwa maji safi kabla ya kulikata, maana kisu kipitacho gandani huuingiza ndani uchafu wa nje. Unapokamua, usisage mbegu wala ile ngozi nyeupe ya ndani. Uchungu wake hujitokeza baadaye, na maji yaliyolala matamu huamka machungu ingawa hayajaharibika.

Yatie katika chupa ya kioo iliyochemshwa. Sufuria ya alumini au ya shaba haifai, kwani ukali wa machungwa huila, na shaba huharakisha kupotea kwa vitamini C. Hewa, mwanga na joto navyo huipunguza. Kwa hiyo jaza chupa hadi karibu na mdomo, ifunge, uiweke ndani kabisa ya jokofu wala si mlangoni. Hapo yatakaa siku mbili, tatu kwa wingi. Asiye na jokofu akamue ya kunywa papo hapo. Maji ya ndimu, kwa kuwa ni makali zaidi, hustahimili muda mrefu kidogo. Yakigandishwa katika vibati vya barafu hufaa kwa miezi.

Wako wanaoyachemsha ili yadumu. Moto wa muda mfupi huua vijidudu, lakini moto mrefu una hasara. Mwaka 1747 daktari James Lind, akiwa katika meli ya kivita ya Uingereza, alionyesha kwamba machungwa na malimau huponya kiseyeye. Baadaye akashauri maji yake yakolezwe motoni ili yahimili safari, na hapo nguvu nyingi za dawa zikapotea.

Sasa tuzitazame dalili. Nyama za chungwa kutuama chini na maji kubaki juu si kuharibika, tikisa tu. Bali ukiona mapovu yanapanda, kizibo kikiruka, au ukisikia harufu ya pombe, ujue hamira imeanza kazi yake. Mwandishi wa makala haya aliwahi kuisahau chupa kabatini siku mbili, na usiku kizibo kikafyatuka kwa kishindo hata nyumba nzima ikadhani ni mwizi. Harufu inayofanana na siagi au mtindi ni ya bakteria. Rangi ikielekea kahawia, ubora umekwisha. Ukungu ukionekana, mwaga chupa nzima. Usiukwangue juu ukabakiza ya chini.

Hata hivyo, pua na ulimi havioni kila kitu. Mwaka 1999 watu wengi wa Marekani na Kanada waliugua kwa kunywa maji ya machungwa yasiyopashwa moto, yaliyokuwa na salmonela. Kijidudu hicho hustahimili ukali wa machungwa, wala hakihitaji kubadili harufu au ladha ili kimlaze mtu kitandani. Ndiyo maana mtoto mdogo, mjamzito na mzee wakamuliwe ya kwao wakati ule ule wa kunywa.

Kwa hayo yanayowekwa, bandika kikaratasi chenye siku na saa ya kukamua. Umeme ukikatika usiku kucha na chupa ikapoa joto lake la baridi, usiionje ili kuipima, imwage.