Mraibu aliyeletwa na korti husaidiwa kwa kusikizwa, si kwa vitisho

Miongoni mwa watu wanaoingia katika vituo vya kurekebisha tabia, wapo ambao hawakufika huko kwa hiari yao bali kwa amri ya hakimu. Sheria ya kudhibiti mihadarati ya mwaka wa 1994, katika sehemu ya 58, inairuhusu mahakama nchini Kenya kuamuru kwamba mtu aliyepatikana na dawa za kulevya kwa matumizi yake mwenyewe, na ikathibitika kuwa ni mraibu, atumikie sehemu ya kifungo chake katika kituo cha matibabu.

Mtu wa aina hii humpa mshauri nasaha kibarua kigumu. Hufika akiwa amenuna, hujibu maswali kwa mkato na huhesabu siku zilizosalia. Wengi hukata tamaa mapema na kusema kwamba sikio la kufa halisikii dawa.

Hata hivyo, yaliyobainika katika taaluma hii ni tofauti. Nchini Marekani, ambako mahakama ya kwanza maalum ya kesi za mihadarati ilianzishwa jijini Miami mwaka wa 1989, imedhihirika kwamba si lazima matibabu yaanze kwa hiari ndipo yafaulu. Shinikizo la korti, jamaa au mwajiri huweza kumfanya mraibu adumu katika matibabu hadi yaanze kumfaa, na muda unaopendekezwa na watafiti wa huko ni angalau miezi mitatu. Lakini korti humfikisha mtu mlangoni tu. Ari ya kubadilika sharti itafutwe ndani.

Kubishana hakusaidii

Chukulia mfano wa kijana anayesema: "Mimi sina shida yoyote, daktari. Nimeletwa hapa na hakimu." Mshauri akimjibu kwamba asingekuwa na shida asingekamatwa, kijana atatafuta hoja za kujitetea, na kadiri anavyojitetea ndivyo anavyozidi kuyaamini maneno yake mwenyewe.

Mwanasaikolojia Mmarekani William R. Miller alilieleza jambo hili mwaka wa 1983 na kupendekeza njia nyingine, ambayo yeye na mwenzake Stephen Rollnick waliifafanua katika kitabu mwaka wa 1991. Msingi wake ni kwamba mraibu huwa na nia mbili kwa wakati mmoja: anataka kuacha na anataka kuendelea. Kazi ya mshauri ni kumsaidia aisikie ile nia ya kuacha ikitamkwa kwa kinywa chake mwenyewe.

Kwa hivyo, kijana yule angejibiwa: "Naona hukuchagua kuja hapa, ndugu yangu, na inakuudhi kupangiwa maisha. Wewe mwenyewe ungependa nini kibadilike?" Huenda akasema anataka tu korti iache kumsumbua. Hilo si jibu baya. Ni lengo lake halisi, na mshauri anaweza kumuuliza ni mambo gani yatakayoifanya korti imwache, na ni lipi kati ya hayo analoweza kulianza wiki hiyo.

Njia nyingine ni kumtaka aseme, kati ya sifuri na 10, kuacha dawa kuna umuhimu gani kwake. Akitaja tatu, mshauri hamuulizi mbona ni chache. Humuuliza kwa nini hakutaja sifuri. Katika kujibu, mraibu hutaja sababu zake mwenyewe: mtoto anayemkimbia, mama asiyelala, au kazi aliyopoteza.

Ukweli kuhusu ripoti

Ari haiwezi kuchipuka pasipo na uaminifu. Mteja wa korti hujua kwamba mshauri huwasiliana na afisa wa probesheni, na kwa sababu hiyo huficha mengi. Ni bora aelezwe siku ya kwanza ni mambo gani yatakayoandikwa katika ripoti, kama vile kuhudhuria vikao na matokeo ya vipimo, na ni yapi yatakayobaki kuwa siri. Aelezwe pia kwamba uamuzi ungali wake. Anaweza kukataa matibabu, mradi ajue korti itamchukulia hatua gani.

Ari pekee, hata hivyo, haitoshi kwa kila mtu. Mwili uliozoea heroini hudai heroini, na ndiyo sababu hospitali ya Mathari jijini Nairobi ilianza kutoa methadoni mnamo Desemba 2014, huduma iliyofika baadaye Pwani pia. Vilevile, wapo watakaorudia dawa wakiwa bado katika matibabu. Kuteleza si kuanguka, na mshauri humsaidia mteja kuchunguza kilichomtelezesha badala ya kumfukuza.

Suala hili ni la kufa na kupona. Mraibu wa heroini aliyekaa miezi kadhaa bila kuitumia, kituoni au gerezani, mwili wake hupoteza uwezo wa kuistahimili. Akitoka bila sababu yake mwenyewe ya kuacha, kisha akatumia kipimo kile kile cha zamani, kinaweza kumuua. Siku hiyo hakimu hatakuwapo wala mshauri, na kitakachosimama kati yake na kifo ni ile sababu aliyoitamka mwenyewe.