Kifaru Kilichotumwa Kulima Karanga, na Vinara Wengine

Gari la ajabu kuliko yote katika historia ya Nachingwea halikuundwa kuwa gari la shamba. Mwaka 1947, Waingereza walipoanzisha mradi wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea, matrekta yalikuwa adimu, vita imekwisha juzi tu. Kampuni ya Vickers-Armstrongs ikachukua vifaru vya kivita aina ya Sherman, ikaving'oa mizinga, ikavigeuza matrekta na kuyaita Shervick. Vyuma vilivyoundwa kupambana na Wajerumani vikatumwa kupambana na visiki. Visiki vikashinda. Januari 1951 London ilitangaza kuachana na mpango huo, pauni milioni 36 zikiwa zimeteketea. Kwa hasara ya kilimo Afrika Mashariki, sijaona wa kuukaribia. Hata reli ya Mtwara hadi Nachingwea, iliyojengwa kubeba hizo karanga, ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Mwaka huohuo wa 1951 Toyota ilitoa gari la BJ, ambalo baadaye liliitwa Land Cruiser. Hakuna jina la gari la Toyota lililodumu kuliko hilo. Kwa wingi, Corolla ndiyo kinara: zaidi ya milioni 50 tangu 1966.

Tuingie kibanda cha gemu. Kwa michezo, mfululizo uliouzwa kuliko yote ni FIFA wa kampuni ya EA ya Marekani, ulioanza 1993 na kuvuka nakala milioni 325 kufikia 2021; siku hizi unaitwa EA Sports FC. Humo unaweza kuwa Arsenal au Real Madrid upendavyo. Namungo FC ya Ruangwa, iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2019, huwezi kuichagua.

Kwa watoto wadogo, video iliyotazamwa kuliko zote YouTube ni Baby Shark ya Pinkfong, kampuni ya Korea Kusini. Januari 2022 ilikuwa ya kwanza kufikisha mara bilioni 10, yaani kuliko idadi ya binadamu wote waliokuwa hai siku hiyo. (Mzazi yeyote anayemtuliza mtoto kwa simu ataamini.) Kwetu kinara ni Ubongo ya Dar es Salaam, ambayo tangu 2014 inawafundisha watoto hesabu kwa katuni za Kiswahili.

Lakini kinachowaunganisha watu wa magari na watu wa gemu kiko ardhini Ruangwa: kinywe, yale madini meusi yanayoteleza, yaleyale yanayoandika ndani ya penseli. Upande hasi wa betri ya lithiamu hujengwa kwa kinywe. Simu hutumia gramu chache. Gari la umeme hubeba kilo 50 hadi 100, mara kadhaa zaidi ya hiyo lithiamu inayoipa betri jina. Mgodi wa Lindi Jumbo, eneo la Matambarale, ulianza uzalishaji mwaka 2024. "Jumbo" ni daraja la kinywe chenye magamba makubwa, na ndicho kinachosifika hapo. Kinara wa kukisafisha kiwe cha betri ni China, yenye zaidi ya asilimia 90 ya kazi hiyo duniani. Huko ndiko iliko BYD, iliyoanza 1995 ikitengeneza betri, zikiwemo za simu, ikaingia kwenye magari 2003, na mwaka 2025 ikauza magari ya umeme zaidi ya milioni 2.2, ikiipita Tesla kwa mara ya kwanza katika hesabu ya mwaka mzima.

Na gemu lililouzwa kuliko yote duniani? Minecraft, lililotoka Sweden: zaidi ya nakala milioni 300 kufikia Oktoba 2023. Microsoft iliinunua kampuni yake mwaka 2014 kwa dola bilioni 2.5. Kazi kubwa humo ni kuchimba madini. Kuna makaa ya mawe, chuma, shaba, dhahabu, almasi. Kinywe hakimo.